UZI: Neno "dola" halikuzaliwa Marekani, lilizaliwa bondeni Ulaya ya kati (na dala ya daladala ni mjukuu wake)

Mfua Fedha (mleta mada)

Wakuu habari za jioni. Kwenye ule uzi wa nauli kuna mtu kaandika kwamba Watanzania tumetawaliwa kiakili na Wamarekani mpaka mabasi yetu tumeyabatiza jina la hela yao, daladala, na watu wakamgongea like kibao. Sikutaka kuharibu mada ya watu kule ndo maana nimefungua uzi huku. Mimi ni mpenzi wa sarafu za zamani, na katika maneno yote ya pesa hakuna ninalolipenda kama hili maana ukilifuata linakuzungusha Ulaya nzima, Uholanzi mpaka Urusi, halafu linapanda jahazi linakuja kushuka Forodhani. Ni ndefu, naomba uvumilivu.

Tuanze na mahali. Kuna mji mdogo unaitwa Jáchymov, upo Czechia kwenye milima ya mpakani na Ujerumani. Wajerumani waliuita Sankt Joachimsthal, yaani bonde la Mtakatifu Yoakimu, yule ambaye kwa mapokeo ya kanisa ndiye babu mzaa mama wa Yesu. Mji ulianzishwa 1516 baada ya kupatikana fedha pale, na nikisema fedha nasema madini yenyewe, ile anayofua sonara. Ardhi ilikuwa ya ukoo wa kina Schlick, na Stephan Schlick aliona hasara kuuza fedha ghafi wakati anaweza kugonga sarafu mwenyewe, basi kufikia 1520 kiwanda chake kinatoa sarafu kubwa nene, karibu gramu 29 moja, upande mmoja Yoakimu kasimama na ngao ya ukoo wa Schlick, upande wa pili simba wa Bohemia (ufalme wa eneo hilo enzi hizo) mwenye mikia miwili.

Watu wakaziita Joachimsthaler, yaani "za Joachimsthal". Jina refu, sokoni nani ana muda huo, wakakata kichwa wakabakiza mkia: Thaler. Sasa Thal kwa Kijerumani ni bonde (siku hizi wanaandika Tal, ile h iliondolewa kwenye marekebisho ya tahajia ya 1901) na -er ni ile ya kuonyesha kitu kimetoka wapi. Kwahiyo ukisema thaler umesema "ya bondeni", basi.

Na haikuwa sarafu kubwa ya kwanza ya fedha Ulaya, hapo ndo pananoga. Kule Tirol, Austria, walishagonga kubwa kama hiyo 1486 kwenye mji wa Hall. Ila Joachimsthal walikuwa na fedha ya kumwaga, sarafu zao zikatoka kwa mamilioni zikajaa kwenye masoko yote ya Ujerumani, mfanyabiashara wa Leipzig akipokea sarafu kubwa basi uwezekano mkubwa ni ya bondeni, mwisho kila sarafu ya ukubwa ule ikaitwa thaler hata kama imegongwa kwingine kabisa. Stephan Schlick mwenyewe hakufaidi sana, alipotelea kwenye vita ya Mohács, Hungary, 1526 akipigana na Waturuki, na miaka miwili baadae mfalme Ferdinand akawanyang'anya ukoo wake haki ya kugonga sarafu. Jina lilishaondoka lakini, halikurudi.

Kila taifa likalitamka kwa ulimi wake. Waholanzi daalder. Wadenmaki, Wasweden na Wanorwe daler. Waitaliano tallero, Wapolandi talar, Wahungaria tallér, Wacheki wenyewe na Waslovenia tolar, na hao Waslovenia walipojitoa Yugoslavia 1991 hela yao mpya waliipa jina hilohilo tolar, wakaitumia mpaka mwisho wa 2006 walipoingia euro. Yaani neno lina karibu miaka 500 na bado watu wanaona linafaa kuandikwa kwenye noti mpya.

Warusi ndo walinifurahisha zaidi. Ulaya yote imetupa Joachim imebakiza thaler, wao wakafanya kinyume, wakatupa thaler wakabakiza Joachim, na kwa matamshi yao ikawa efimok. 1655 Tsar Alexei akachukua thaler za kigeni akazigonga muhuri juu kwa juu zikawa pesa halali ya Urusi, ukiiona moja unakuta mfalme wa Kijerumani amekaa vizuri kwenye sarafu yake na kifuani au pembeni ana kichapa kidogo cha mpanda farasi pamoja na mwaka.

Waingereza walilipata kwa jirani zao wa Uholanzi na Ujerumani kaskazini, likawa dollar. Na hii waisome wale wa ule uzi mwingine: kwenye tamthilia ya Macbeth ya Shakespeare, iliyochapwa 1623, kuna mfalme wa Norway anaambiwa hazikwi mtu wake mpaka alipe dola elfu kumi. Washington mwenyewe alizaliwa 1732. Neno lilikuwa Kiingereza cha kawaida zaidi ya miaka mia kabla ya hiyo Marekani.

Ya huku kwetu nashusha nikirudi, chakula kimeiva.

---

binti wa Chuda

Uzi tayari, nimeweka kambi hapa. Mkuu usitukimbie.

---

Kipara_Ngoto

Mleta mada shule nzuri lakini naona unazunguka. Dola tunayoijua sisi ni ya Mmarekani, yeye ndo kaipa nguvu. Asingekuwa yeye nani angejua hilo bonde? Jina lina nguvu kwa sababu ya mwenye jina.

---

Mfua Fedha

Kipara_Ngoto hapo ndo tunapotofautiana kabisa na naomba unisikilize vizuri kwasababu ndo kiini cha uzi wangu. Bonde lile halikuwa na jeshi. Schlick hakuwa mfalme. Neno lilisambaa kwasababu mtu akiiweka sarafu kwenye mizani alikuta uzito ule aliotarajia, leo, kesho na mwakani. Watu walikuwa wanaamini chuma chenyewe, taifa lilikuja baadae sana.

Chukua hao Wamarekani. Walipokuwa koloni la Uingereza walikuwa hawana sarafu za kutosha za Kiingereza, mikononi mwao ilizunguka fedha ya Hispania iliyogongwa Mexico na Potosí (Bolivia ya leo), ile peso ya reali nane. Wahispania wenyewe hawakuiita dola hata siku moja. Waingereza ndo waliiona ina ukubwa uleule wa thaler wakaiita Spanish dollar. Kwahiyo 1785 bunge lao lilipochagua dola kuwa kipimo cha hela yao lilikuwa linachagua jina ambalo muuza duka wa Philadelphia analitumia kila asubuhi, na sheria ya sarafu ya 1792 ikasema wazi kwamba dola ya Marekani itakuwa na thamani ya ile ya Hispania. Na ya Hispania iliendelea kuwa halali madukani Marekani mpaka 1857! Miaka 65 baada ya kuwa na yao. Yaani Mmarekani alipokea jina la Kijerumani, kupitia Mholanzi na Mwingereza, akalibandika kwenye kipimo cha Mhispania. Nguvu ilikuja juu ya jina ambalo tayari limeshaaminiwa.

---

Mlowezi Baridi

Niko Gothenburg huku. Wasweden walikuwa na daler hadi wakachanganyikiwa nazo, kulikuwa na daler ya fedha na daler ya shaba na hazilingani. Sweden ilikuwa na shaba nyingi kutoka mgodi wa Falun ila fedha haba, sasa wakasema thamani ni ileile ila tunalipa kwa shaba. Shaba ni rahisi kwahiyo ili ifikie thamani ya daler kumi za fedha lazima iwe nyingi. 1644 wakatoa bamba moja la daler kumi, kilo 19 na ushee!! Bamba la mstatili, mihuri mitano, minne kwenye kona na mmoja katikati. Nililiona makumbusho Stockholm, lina urefu wa kama sentimita 70. Mtu alikuwa anaenda kulipa kodi na mkokoteni. Hiyo ndo ilisaidia hawa jamaa kuwa wa kwanza Ulaya kutoa noti za benki, 1661, maana nani angebeba yale mabamba.

---

binti wa Chuda

Kilo 19 hela moja 😳 halafu sisi tunalalamika chenji za mia mia.

Swali mkuu, hiyo Thal ni ileile ya Neanderthal tuliyosoma kwenye history form one?

---

Mfua Fedha

Ileile dada. Neandertal ni bonde karibu na Düsseldorf, mifupa ilipatikana pale 1856 ikapewa jina la bonde. Na Waingereza wanayo ya kwao kutoka mzizi huohuo, dale, ndo maana kaskazini mwa Uingereza kuna Yorkshire Dales. Kwahiyo dola na yule mtu wa kale wamechangia nusu ya jina.

Mlowezi Baridi ahsante sana kwa hilo la mabamba. Niongeze jingine la simba, maana Waholanzi walianza kugonga daalder yao 1575 ikiwa na simba, leeuwendaalder, daalder ya simba. Hii waliipeleka kwa wingi kwenye biashara ya Uturuki na nchi za Balkan. Waarabu walipoitazama yule simba kwa uchakavu wa sarafu wakamuona mbwa, wakaiita abu kalb, ya mwenye mbwa. Waromania na Wabulgaria walimuona simba vizuri, na mpaka leo hela ya Romania inaitwa leu, simba, na ya Bulgaria iliitwa lev, simba vilevile, mpaka walipoingia euro mwanzoni mwa 2026. Kwahiyo kwenye leeuwendaalder wengine walichukua bonde wengine wakachukua mnyama.

---

OtisWaLake

Salamu kutoka Kisumu. Huku kwetu dala ni nyumbani kwa Kijaluo, so mara ya kwanza kufika Dar nikasikia konda anaita dala dala nikadhani ni mtu wetu anatuita nyumbani. Sasa hiyo yenu ilitokea wapi exactly, na mbona sisi hatuna? Shilingi tano huku ni ngovo ama kobole, sijawahi sikia mtu akisema dala.

---

Mfua Fedha

Karibu sana jirani. Nilikuwa nakuja huko.

Uingereza mtaani, sarafu ya shilingi tano ile crown waliiita dollar, na shilingi mbili na nusu ni half a dollar, wazee wa London wanaikumbuka hiyo. Sababu ni hesabu tu, pauni ni shilingi 20, na miaka ya vita kuu ya pili pauni moja ilikuwa dola nne na vijisenti, gawa 20 kwa nne unapata tano. Sasa shilingi ya Afrika Mashariki tangu 1921 ilikuwa sawa kwa sawa na ya Uingereza. Huku kwetu nako shilingi tano ikawa dala na ikabaki hivyo hata baada ya uhuru, mama akikwambia kanunue chumvi ya dala unajua ni shilingi tano.

Dar miaka ya themanini mwanzoni usafiri ulikuwa wa UDA, shirika la umma la mabasi, na mabasi hayatoshi, watu wakawa wanapanda magari binafsi ya kujificha, kisha 1983 serikali ikaruhusu mabasi ya watu binafsi. Nauli ilikuwa dala, makonda wakawa wanaita dala! dala! na jina likaganda. UDA ilikuwa inatoza chini ya hapo, kwahiyo kuita dala ilikuwa ni kumwambia abiria kabisa bei ya kupanda gari hili. Hapo Mmarekani hayupo mkuu. Ni konda wa Dar anaita bei kwa shilingi ya Tanzania.

---

Mtoto wa Malindi Unguja

Assalaam alaykum. Bwana Mfua Fedha umeandika vizuri ila naona umeruka bahari, umetoka Uingereza moja kwa moja ukaingia Dar na UDA. Unguja thaler ilikuwepo kabla ya hiyo shilingi! Bibi yangu alikuwa nazo mbili zimetobolewa na kutiwa pete za kuning'inizia kwenye mkufu, tukiziita reale. Ile yenye mwanamke amejitanda.

---

Mfua Fedha

Wa alaykum salaam sheikh wangu, sijaruka nilikuwa naipikia nafasi yake maana ndo sarafu ninayoipenda kuliko zote duniani. Huyo mwanamke aliyejitanda ni Maria Theresa, mtawala wa Austria, Hungary na Bohemia, na mtandio ule ni wa ujane, mumewe alifariki 1765. Yeye akafariki Novemba 1780.

Sasa wafanyabiashara wa Uarabuni, Uhabeshi na pwani yetu walishaizoea sura yake. Wakiletewa sarafu yenye sura ya mtu mwingine hawataki. Basi Austria ikaendelea kugonga sarafu yenye mwaka 1780 miaka nenda rudi, mwenyewe yuko kaburini. Na sio Vienna tu, iligongwa Milan, Roma, London, Paris, Brussels, Birmingham, Bombay, zote 1780, zote mama yuleyule. Mussolini alipotaka kuivamia Uhabeshi 1935 aliwabana Austria wampe vifaa vya kugongea ili ziwe zinatoka Roma, maana askari na wapagazi kule hawakukubali malipo mengine, na Waingereza walipoona wamekosa mlango wakaanza kugonga zao London. Mamia ya milioni zimetoka.

Ni gramu 28 na nukta, fedha ndani yake sehemu 833 kwa elfu. Watu wa Uhabeshi walikuwa wanaikagua kwa jicho, kwanza lulu kwenye bruchi (pini ya pambo) ya begani, lazima zihesabike, halafu herufi S.F. chini ya kifua, halafu ukingoni pamezungushwa maneno ya Kilatini IUSTITIA ET CLEMENTIA, haki na huruma. Ukingo ule ulikuwa dawa ya wezi, huwezi kukwangua fedha pembeni bila kula maandishi. Lulu zikiwa zimefutika wanairudisha. Kule iliitwa talari, na walipotoa hela yao wenyewe neno la Kiamhara lililobaki ni birr ambalo maana yake ni fedha, kama sisi tu, fedha ni madini na fedha ni pesa.

Unguja na Mombasa jina likawa reale, hilo limetoka kwa Mhispania, real, kupitia Kiarabu. Kamusi za Kiswahili za karne ya 19 zinazitenganisha kabisa. Reale ya Sham ni hii ya Maria Theresa. Reale ya mzinga ni ya Mhispania. Kwanini mzinga? Kwasababu upande mmoja ina nguzo mbili za Hercules, na mzee wa pwani alipoziangalia akaona mizinga miwili ya vita imesimamishwa. Waarabu nao waliona mizinga hiyohiyo. Reale ya Fransa ni faranga tano, na reale ya dhahabu ni ile ya Mmarekani ya dola ishirini. Wamarekani wa Salem, bandari ya Massachusetts, hawa waliotuletea kitambaa cha merikani, ambao serikali yao ilisaini mkataba na Sayyid Said 1833, kuna wakati walilazimika kutafuta thaler za Austria kwanza ndo waje nazo Unguja kununulia pembe na karafuu. Hapo naomba Kipara_Ngoto asome mara mbili, Mmarekani mwenyewe alikuja kwetu na hela ya Maria Theresa. Na 1882 Sayyid Barghash alipotoa sarafu yake ya fedha akaiita riyal, akaifuata hiyohiyo kwa ukubwa.

---

Mtoto wa Malindi Unguja

Reale ya mzinga! Wallahi babu alikuwa akisema "hiyo ya mzinga" na hatujajua mzinga wenyewe uko wapi. Mungu akuzidishie.

---

Kipara_Ngoto

Sawa mkuu hiyo ya Salem nimeielewa. Ila nisaidie moja, tukisema vyombo vya dola, mkono wa dola, hiyo nayo ni bonde? Au ndo serikali na pesa ni kitu kimoja.

---

Mfua Fedha

Hapana hiyo ni nyingine kabisa, zimekutana kwenye matamshi tu. Dola ya serikali ni Kiarabu, dawla, na mzizi wake ni kuzunguka, kubadilishana zamu, maana utawala ulikuwa unahama kutoka ukoo huu kwenda ule. Waturuki wanasema devlet, Waajemi dowlat. Dola ya hela ni Thaler. Kwenye kamusi nzuri utazikuta zimeandikwa mara mbili, moja juu moja chini.

---

Mwana Katanga

Bandugu salamu toka Lubumbashi. Ule mji wa Jáchymov si ndo kule Marie Curie alitoa mawe yake? Baba yangu alikuwa fundi wa mine, alikuwa anatuambia ile habari, kwamba wazungu walikuwa wanachukua radium Bohemia mpaka walipopata mgodi wa Shinkolobwe kwetu Katanga.

---

Mfua Fedha

Ni huohuo ndugu yangu na mzee wako alisema kweli. Fedha ilipokwisha kilichobaki kwenye yale mashimo ni jiwe jeusi zito lenye urani ambalo wachimbaji walilitupa. Marie na Pierre Curie walilifanyia kazi jiwe lile Paris, 1898 wakatangaza polonium na radium, kisha wakaletewa matani ya mabaki yale ili waipate radium yenyewe. Baada ya hapo Joachimsthal ndo ilikuwa chanzo kikuu cha radium, mpaka madini ya Shinkolobwe, yaliyogunduliwa 1915, yalipoanza kusafishwa Ubelgiji miaka ya ishirini na bei ikaanguka. Na baada ya 1948 wakomunisti wa Czechoslovakia waliwatia wafungwa wa kisiasa kwenye mashimo yale kuchimba urani kwa ajili ya Wasovieti. Mji wa watu wachache sana lakini umepitiwa na mambo mazito. 2019 UNESCO waliiweka milima ile kwenye urithi wa dunia, upande wa Czechia na upande wa Ujerumani pamoja.

---

mama_Nuru

Mimi nimesoma yote kimyakimya ila naomba kuuliza. Kama dala ni mahali, vipi hela? Maana nilisikia ni Kijerumani.

---

Mfua Fedha

Mama Nuru umegusa penyewe. Hela ni Heller, na Heller nayo ni jina la mji! Kuna mji unaitwa Schwäbisch Hall, Ujerumani kusini, mji wa chumvi (sio ile Hall ya Tirol niliyoitaja juu, ni mwingine) na tangu karne ya 12 kiwanda chake kilikuwa kinagonga vijisarafu vidogo vyembamba, upande mmoja kiganja cha mkono kimefunguliwa, upande wa pili msalaba. Vikaitwa Haller au Heller, vya Hall. Navyo vikasambaa, Wacheki wakawa na haléř, Waslovakia halier, na 1892 dola la Austria na Hungary lilipobadilisha hela likasema krone moja ni heller mia.

Huku kwetu Wajerumani walikuja wakaikuta rupia ya India na pesa zake, rupia moja ni pesa 64, hesabu inawasumbua. 1904 wakaamua rupia iwe heller mia. Kuanzia hapo mpaka vita ya kwanza ndo hela imezunguka Tanganyika, yaani miaka kumi na kitu tu, na mpaka leo Mtanzania anasema sina hela wakati Mkenya anasema sina pesa. Otis atasema kama nadanganya. Mwisho mwisho 1916 wamezingirwa na Waingereza, meli haziji, wakaanza kugonga sarafu zao Tabora, heller tano na heller ishirini za shaba na shaba nyeupe, hata maganda ya risasi yaliingia humo, na ile maarufu ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, dhahabu yake ni ya mgodi wa Sekenke. Heller za Tabora zimegongwa vibaya, zingine herufi zimepinda, ila ukiishika unajua hii imetoka Tabora kwa mikono ya mafundi wa reli.

Kwahiyo mkononi mwetu tuna miji miwili ya Ulaya. Dala ni bonde la Yoakimu, hela ni Hall ya chumvi.

---

OtisWaLake

Hudanganyi. Hela tunaielewa lakini ukiisema Nairobi wanajua wewe ni wa Bongo straight.

---

binti wa Chuda

Mkuu nimemaliza yote sasa nauliza la vitendo. Kuna mzee anauza reale moja ya 1780, anasema ina miaka zaidi ya 200 na anataka pesa nyingi kwasababu ya huo mwaka. Nichukue?

---

Mfua Fedha

Usilipie mwaka dada. 1780 ipo kwenye zote, hata iliyotoka Vienna juzi imeandikwa 1780 maana wanazigonga mpaka leo. Mpelekee sonara unayemwamini apime, ikiwa chini sana ya gramu 28 achana nayo. Igeuze uangalie ukingo, maneno yawe yamesimama pande zote, halafu hesabu lulu kwenye bruchi, wajuzi wanataka tisa. Kama vyote vipo lipa bei ya fedha iliyomo, ambayo ni gramu 23 na nusu kasoro, weka kidogo juu kwa heshima ya mzee. Za zamani kweli zipo ila zinatambulika kwa vitu vidogo kwenye manyoya ya mkia wa tai na kwenye bruchi, hilo linataka mtu aliyezishika nyingi. Ukiweza piga picha safi pande zote mbili na ukingo, iweke hapahapa kwenye uzi, nitakwambia naona nini.

---

Mtoto wa Malindi Unguja

Na mimi kesho inshallah naweka za bibi.